Mwalimu wa Jumamosi na Sentensi ya Bibi

Tulimwita Mwalimu wa Jumamosi kwa sababu siku nyingine zote hakuwa mwalimu wa mtu yeyote. Alikuwa amestaafu. Jumatatu hadi Ijumaa alishinda kwake Iyunga akigombana na kuku wa jirani, na Jumapili alikuwa kwenye kwaya, sauti ya nne, akiimba kwa nguvu kuliko alivyojaliwa. Lakini Jumamosi asubuhi alikuja chuoni kwetu, akafungua chumba cha kompyuta kwa ufunguo aliokabidhiwa na uongozi, akatufundisha kuandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuisoma na yeyote mwenye subira anaweza kuiandika. Wenye simu tulikuwa wengi. Wenye subira aliwatengeneza yeye.

Jina lake silitaji. Kwanza mwenyewe hataki, na pili namjua: angeusoma ukurasa huu, akafika kwenye jina, akaniuliza nimelitoa wapi.

Maana swali lake lilikuwa hilohilo miaka yote: "Nani kasema?" Hakuliuliza kwa ukali. Aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Ulikaa mbele yake, ukasoma makala yako kwa sauti, naye akafumba macho, mikono mifukoni mwa koti la kijivu lililokuwa na sweta mbili ndani yake, maana baridi ya Mbeya aliichukulia kama tusi. Sentensi yenye chanzo aliiacha ipite. Ukisoma sentensi isiyo na chanzo, alifungua jicho moja. Hakuwa na haja ya kufanya zaidi. Nimeona vijana wenye vifua vipana wakianza kubabaika kwa ajili ya jicho lile.

Mimi nilikutana nalo mapema. Niliingia kwenye darasa lake kwa ajili ya sentensi moja tu, na sikuficha. Kwetu ni Kilolo, juu kwenye vilima vya Iringa, na kijijini kwetu kuna maji ya bomba yanayoteremka yenyewe kutoka chemchemi iliyo mlimani, maji ya mserereko. Makala ya kata yetu ilikuwapo tayari kwenye kamusi elezo, na ilisema maji hayo yaliletwa na wafadhili. Wafadhili walileta mabomba, sikatai. Lakini mtaro wa kuyalaza, kutoka chemchemi hadi tangini, kwenye mawe na mizizi, ulichimbwa na wanawake wa kijiji kwa majembe yao, na aliyewaongoza ni bibi yangu mzaa mama. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya chai kutafuta vibarua. Kila mtu kijijini analijua hilo, ila halikuandikwa popote. Bibi alikuwa anazeeka, miguu imeanza kuvimba, na mimi nilitaka alisikie likisomwa kabla hajaondoka.

Basi nikasoma sentensi yangu. Jicho likafunguka.

"Nani kasema?"

"Bibi yangu, Mwalimu. Na kijiji kizima."

"Wameandika wapi?"

"Hawajaandika. Walikuwa wanachimba."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliinama kwenye kompyuta, akaifuta sentensi yangu mbele ya macho yangu.

"Bibi yangu si mwongo," nikamwambia.

"Sijasema ni mwongo, mwandishi. Nimesema hajaandikwa."

Nilimchukia kwa wiki nzima. Nasema wazi kwa sababu mengi yanayofuata ni ya kumsifu, na sitaki msomaji adhani nilizaliwa nikimpenda.

Sote alituita waandishi, hata yule aliyekuwa hajamaliza aya moja. Na kila maoni aliyotupa aliyaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, ule unaokaa nyuma ya kila makala ambako wahariri hubishana. Ungekuwa umekaa ubavuni mwake, magoti yanagusana, bado angeandika: "Ndugu mwandishi, heshima yako. Aya ya pili inasema soko hili lilijengwa upya, lakini tanbihi yake inahusu soko jingine. Naomba uangalie." Kisha akageuka na kukuuliza kama umekunywa chai. Tulimtania sana kwa hilo. Siku moja Yohana, rafiki yangu wa Ubaruku ambaye baba yake ana mashine ya kukoboa mpunga, alimwuliza kwa nini asiseme tu kwa mdomo, wakati tuko naye hapo.

"Nyinyi mpo," akasema. "Atakayekuja kusoma baada yetu hayupo. Na yeye ana haki ya kujua kwa nini tumefuta."

Alikuwa na desturi ya kuanza na sentensi moja nzuri. Hata makala iwe ovyo namna gani, aliitafuta humo sentensi iliyosimama vizuri, akaisoma tena taratibu, akasema, "Hii tunaiacha kama ilivyo." Hakudanganya. Kama haikuwapo alikaa kimya mpaka wewe mwenyewe uombe ruhusa ya kwenda kuandika upya. Nimefundishwa na watu wengi waliojua kukosoa. Aliyejua kutafuta kilicho kizuri kwa bidii ileile namkumbuka yeye peke yake.

Halafu kulikuwa na faini ya karanga. Mwalimu alichukia neno "maarufu" kuliko alivyowachukia kuku wa jirani. Ukiandika "mwalimu maarufu", "mto maarufu", "mchungaji maarufu", Jumamosi inayofuata ulikuja na karanga za kukaanga za darasa zima. "Mkubwa", "wa kipekee" na "anayependwa na wengi" navyo vilihesabika. Yohana aliandika makala ya kilimo cha mpunga Mbarali, akakisifu kilimo hicho mpaka tukala karanga msimu mzima. Mwalimu alizitafuna kwa furaha huku akimweleza: "Ukiniambia ni maarufu, umeninyima kazi. Niambie watu wanakula mchele huo wapi, nani kapima, nani kaandika, halafu niache mimi mwenyewe niseme, kumbe, huu mchele ni maarufu."

Msidhani alikuwa mtu wa kipimo katika mambo yote. Nje ya chumba kile alisema ovyo kuliko sisi. Aliamini tangawizi inatibu kila kitu kasoro deni. Alitangaza mvua kwa kuangalia mlima, na mvua isiponyesha alilaumu mlima. Tukienda naye sokoni Mwanjelwa kununua nyanya alimwambia muuzaji kwamba nyanya za Mbeya ni bora kuliko za Iringa, na kwamba jambo hilo linajulikana dunia nzima. Mimi wa Iringa nikamrukia.

"Nani kasema, Mwalimu?"

"Ulimi wangu. Ni chanzo cha msingi."

"Chanzo cha msingi hakitoshi peke yake. Ulitufundisha wewe."

Yule mama wa nyanya aliangua kicheko, akaniongezea nyanya mbili. Mwalimu alinuna hadi tulipofika kwenye ndizi.

Lakini akishindwa kwa ushahidi alishindwa waziwazi, na hilo ndilo lililonirudisha kwake baada ya ile wiki ya chuki. Alikuwapo Atupele, msichana mpole kutoka Rungwe, aliyeandika makala ya mto wa kwao. Mwalimu, ambaye miaka yake yote ya kazi alifundisha jiografia sekondari, alifungua jicho na kusema mto ule hauanzii huko alikosema Atupele. Atupele hakubishana. Jumamosi iliyofuata alikuja na ramani na kitabu, akavifungua mezani. Mwalimu aliinama juu ya ramani kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika: "Ndugu mwandishi, nimeshindwa. Kosa hili nimelifundisha kwa miaka mingi. Wanafunzi wangu wa zamani wakipita hapa, naomba wanisamehe." Aliandika na jina lake chini. Mpaka leo maneno hayo yapo, na mtu yeyote anaweza kuyaona. Niliposoma vile nilijisemea kwamba mtu huyu hakuifuta sentensi ya bibi kwa jeuri.

Yohana, yeye, aliona tunachelewa. Ni kijana wa vitendo. Kwao mashine ikikwama haisubiri fundi mpaka kesho. Bila kuniambia alichukua rasimu yangu ya kwanza, akampa binamu yake mwenye blogu ya habari za vijijini. Binamu akaibandika yote kama ilivyo, na picha ya bomba aliyoitoa kusikojulikana. Baada ya hapo Yohana akarudi kwenye makala ya kata yetu, akairudisha sentensi ya bibi na kuweka tanbihi: chanzo, blogu fulani. Akaja kunionyesha, meno yote nje.

"Ona. Sasa imeandikwa."

Nilifurahi jamani. Nilimpigia bibi simu palepale, nikamsomea. Akaniuliza, "Na Mwalimu wako kakubali?" Nikamwambia atakubali tu.

Jumamosi Mwalimu aliisoma, akafungua ile blogu, akaisoma nayo. Akatuita wawili.

"Hapa pameandikwa tangi liko nyuma ya shule. Liko nyuma ya shule?"

Tangi liko nyuma ya zahanati. Nilikosea katika rasimu ya kwanza, bibi akanicheka kwenye simu, nikasahihisha. Kosa langu lilikuwa limesafiri hadi kwenye blogu na sasa lilikuwa linarudi nyumbani likiwa limevaa suti.

"Yohana," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mmoja wetu kwa jina. "Umejaza kisima kwa ndoo, halafu umechota humo ukaniletea, unasema ni maji ya chemchemi."

"Lakini Mwalimu, habari yenyewe ni ya kweli."

"Inaweza kuwa ya kweli. Ndiyo maana inaniuma. Mtu akija kuigundua mbinu yako, hataamini hata lile la kweli. Utakuwa umemzika bibi wa mwenzako chini ya ujanja wako."

Akaifuta mara ya pili. Wakati huu niliona mkono wake unasita juu ya kibonyezo kabla ya kubonyeza. Nikamwambia neno lililokuwa limenikaa kooni tangu mwanzo: "Bibi anazeeka, Mwalimu. Kanuni hazizeeki."

Jioni hiyo nilimpigia bibi kumweleza kwamba imefutwa tena. Alisema "haya" na kuniuliza habari za masomo.

Likizo ilipofika Mwalimu alipanda basi kwenda Iringa kwa nauli yake mwenyewe. Hakutuaga. Tulijua baadaye, kutoka kwa mkewe, ambaye alikuwa analalamika kwamba mzee mwenye kifua kinachombana anazungukia ofisi za watu kwenye vumbi kutafuta karatasi za maji. Alikwenda idara ya maji, alikwenda parokiani, alikwenda kwa afisa mstaafu aliyewahi kusimamia mradi. Kila mahali alikalishwa kwenye benchi. Alirudi na nakala ya ripoti moja, akaniwekea mezani na kidole juu ya mstari: "Wananchi walishiriki kwa nguvu zao."

"Hii naweza kukupa leo," akasema. "Zaidi ya hapa sina. Nimetafuta, mwandishi. Kweli nimetafuta."

"Wananchi," nikasema.

"Najua."

Wananchi ni neno lenye blanketi kubwa. Mtu unaweza kufunika nalo kijiji kizima usione kichwa cha mtu. Lakini niliuona uso wake umechoka na vumbi la safari bado liko kwenye kola, na hasira yangu ilikosa pa kukaa. Tuliandika "wananchi", tukaweka tanbihi. Ilikuwa kweli, ingawa haikutosha.

Kumbe kwenye benchi mojawapo alikaa na mtafiti, dada mmoja aliyekuwa anakusanya habari za maji ya vijiji vya nyanda za juu kwa ajili ya kitabu. Mwalimu hakumsimulia habari ya bibi. Alimwambia tu: ukifika Kilolo, pita kijiji kile, uwaulize waliochimba. Alinieleza haya akanipa na masharti. Nisimpigie yule dada. Nisimwandalie watu wa kuongea naye. Siku atakayofika, nisiwe kijijini.

"Hata chai nisimpikie?"

"Hata chai. Ukimpikia chai utamwambia habari, na ukimwambia habari, kitabu kitakuwa kinakunukuu wewe."

Nilitii, na ilinigharimu. Dada yule alikwenda, akakaa, akazungumza na wanawake mmojammoja akiwa na kinasa sauti, akaondoka. Nilijua kwa sababu bibi alinipigia kuniambia amekuja mgeni mwenye adabu anayekula ugali wa ulezi bila kukunja uso. Baada ya hapo ikawa kimya. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Iringa, nikaolewa. Bibi akaanza kutembea kwa fimbo, kisha akaacha kutembea mbali. Kila nilipompigia Mwalimu kumsalimu niliuliza habari ya kitabu, na kila mara alijibu, "Bado, mwandishi," kwa sauti ya mtu anayedaiwa. Nilianza kuogopa simu za kutoka nyumbani. Nadhani na yeye aliogopa zangu.

Kitabu kilitoka. Mwalimu alikipata kabla yangu, akanipigia akiwa anahema kana kwamba amekipandia mlima. Ukurasa wa wanawake wa kijiji chetu ulikuwapo, na majina, kila mama amethibitisha la mwenzake. Nikamwambia basi naingia sasa hivi kuandika.

"Usiandike wewe. Ni bibi yako."

"Andika wewe basi!"

"Mimi ndiye niliyemwelekeza mtafiti. Tungoje kidogo."

Nilikata simu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, na nililia jikoni kwa uchungu. Tungoje! Bibi wakati huo alikuwa anashikwa mkono hata kwenda uani.

Tulingoja. Na kabla mvua za masika hazijaisha, sentensi ilitokea yenyewe kwenye makala. Hatukuiandika sisi.

Mwalimu alikuja Iringa kwa harusi ya mtoto wa mwanakwaya mwenzake, na kesho yake tukapanda naye hadi Kilolo. Amekonda sasa. Koti ni lilelile, sweta zimekuwa tatu. Tulimkuta bibi ameegemea ukuta upande wa jua, blanketi miguuni, bomba la uani likidondosha tone moja moja kwenye ndoo ya mjukuu wa jirani.

"Shikamoo mama," Mwalimu akasema, akavua kofia.

"Marahaba. Kamwene, karibu." Akamwangalia kwa muda. "Ndo wewe ulikuwa unanifuta?"

"Ndiyo mama. Ni mimi."

"Mara mbili."

"Mara mbili, mama."

"Kwa nini?"

"Aliyekuwa anasema ni mjukuu wako. Mtoto akimsifia bibi yake, mgeni ataaminije?"

Bibi akanigeukia. "Si nilikwambia huyu mtu ana akili?" Hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja.

Nikatoa simu, nikasoma: mtaro wa bomba, kutoka chemchemi hadi kwenye tangi nyuma ya zahanati, ulichimbwa na wanawake wa kijiji wakiongozwa na, na hapo likafuata jina la bibi, majina yake yote mawili. Nikamrudia kwa Kihehe. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Umeandika wewe?"

"Hapana, bibi."

"Mwalimu?"

"Siyo mimi, mama."

"Yule dada wa kinasa sauti, basi."

"Yeye aliandika kitabu," Mwalimu akasema. "Hii kaiweka mtu mwingine aliyekisoma hicho kitabu."

"Nani?"

Mwalimu alichukua simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akafungua kumbukumbu za makala. Palikuwa na lakabu tu, herufi na tarakimu. "Hatumjui, mama. Anaweza kuwa Mbeya, anaweza kuwa ng'ambo."

"Na yeye hanijui mimi?"

"Hakujui."

"Wala ukoo wangu? Wala huyu mtoto?"

"Hamjui hata mmoja wenu."

Bibi alinyoosha mkono wake wenye mifupa, akaishika simu kwa mara ya kwanza, akaitazama ingawa hasomi.

"Basi," akasema, "sasa ni kweli."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa analia wala hajifichi, kofia mkononi, na bibi akaniagiza nimletee mgeni kiti.